Mchora vibonzo wako asijue kuwa anachekesha

Swali: Mimi ni mwandishi wa skripti, naishi Morogoro. Nimeandika dokumentari ya kuigiza ya dakika 40, ya kuchekesha, kuhusu mzee anayechora kibonzo cha kila siku gazetini. Nimempa vituko vingi: anajimwagia wino, anakalia sahani ya wali, anatania kila anayepita na kuikonyeza kamera. Mwigizaji tuliyempata ni mchekeshaji wa jukwaani anayependwa hapa mjini. Tulipokaa kuisoma pamoja, kuanzia ukurasa wa tano hakuna aliyecheka. Kosa liko wapi? Na michoro ya huyu mzee ionekane, au niifiche mtazamaji aiwaze mwenyewe?

Jibu:

Dada yangu, nimeisoma skripti yako mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Sikio la mazungumzo unalo. Yule tarishi anayeingia ukurasa wa saba na kuuliza kama chai ni ya wote au ya wahariri tu, namwona kabisa. Nimefanya kazi na watu kama yeye. Kwa hiyo usiichane. Kosa ni moja, ila limepenya kila sini kama maji kwenye mkeka: mzee wako anajua kuwa yumo kwenye kichekesho.

Dokumentari ya kuigiza ni hadithi ya kubuni iliyovaa nguo za habari ya kweli. Inasimama kwa sababu watu waliomo ndani wanaamini wamekuja kurekodiwa kwa heshima, na wanajitahidi waonekane vizuri. Mtazamaji anacheka kwa kuona kile ambacho wao hawakioni. Rob Reiner alipotoa This Is Spinal Tap mwaka 1984, kuhusu bendi ya roki ya kubuni, waigizaji wake walipiga magitaa wenyewe na kuuzungumzia muziki wao kama wanamuziki wanavyouzungumzia, hata wakawepo watazamaji waliotoka ukumbini wakiamini kuwa bendi hiyo ipo. Kwenye The Office ya BBC, iliyoanza mwaka 2001, bosi David Brent anatania mchana kutwa, lakini tunachokicheka si utani wake. Tunacheka ukimya unaofuata: karani anayeinamia meza yake, na mwenzake anayeitupia kamera jicho kama mtu anayeomba aokolewe. Karibu na kwetu, Hussein Kurji na wenzake wa Nairobi walitengeneza The Samaritans, miaka ya 2013 na 2014, kuhusu ofisi ya shirika la misaada lisilofanya lolote la maana. Wahusika wanaongea lugha ya mashirika kwa dhati kabisa, na aliyewahi kukaa kwenye warsha ya kuandaa warsha nyingine hahitaji kuonyeshwa pa kucheka.

Sasa mzee wako anakonyeza. Kukonyeza ni kumwambia mtazamaji "mimi na wewe tunajua." Mkishajua wote wawili, hakuna aliyebaki asiyejua, na kichekesho kimekwisha hapo. Kuitupia kamera jicho ni jambo jingine. Hilo hufanywa na mtu aliyefumaniwa, aliyesahau kuwa kuna watu wanamtazama, akakumbuka kwa kuchelewa. Mruhusu alifanye mara mbili au tatu kwa filamu nzima, basi.

Nilichora kibonzo cha kila siku kwa miaka tisa kabla ya kuhamia kwenye uhariri wa skripti, kwa hiyo hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ndipo ulipo utajiri wako na hujaugusa. Watu hudhani mchora vibonzo ni mtu wa mzaha. Wengi niliowafahamu ni watu wakimya wanaohesabu. Wanahesabu herufi, sentimita, na saa zilizobaki kabla ya gazeti kwenda mitamboni. Maneno huandikwa kwanza na mchoro hufuata, kwa sababu puto la maneno ndilo linalokula nafasi. Na Kiswahili chetu hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja refu lisilokatika vizuri. "Hawatatushughulikia" ni herufi 19. Ukiliandika kwa mkono, kwa ukubwa ambao mtu aliyesimama kwenye daladala ataweza kusoma, limeshagusa kuta zote mbili za kisanduku na hujachora hata pua ya mtu.

Neno hilo hilo liliwahi kunikalisha kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana. Nikalijaribu "hawatujali," herufi 10 tu, linakaa vizuri. Lakini "hawatujali" ni tabia, na "hawatatushughulikia" ni uamuzi. Mama aliyesimama kwenye foleni ya dirisha la ofisi anajua tofauti yake. Nikajaribu kulivunja mistari miwili kwa kistari, likasomeka kama majina ya watu wawili. Mwisho nilifuta meneja niliyekwisha kumchora, nikamchora upya akiwa mwembamba, neno likapata pa kukaa. Kesho yake msomaji mmoja akapiga simu kuuliza kama meneja anaumwa.

Mwandikie mzee wako asubuhi ya namna hiyo. Mkalishe mbele ya kamera aeleze tofauti ya maneno hayo mawili kwa uchungu wa mzazi anayeeleza homa ya mtoto. Nyuma yake, kwenye kioo, chumba cha habari kizima kinakimbizana, simu zinalia, mtu anapiga kelele kwamba waziri amejiuzulu. Yeye hageuki. Hakuna wino uliomwagika, hakuna sahani ya wali, na nina hakika watu watacheka, kwa sababu mzee huyo ana haki kabisa katika anachokisema.

Usidhani dhati ya namna hii inabidi uitunge. Charles Schulz wa Marekani alichora Peanuts kuanzia tarehe 2 Oktoba 1950 hadi kibonzo cha mwisho cha Jumapili, tarehe 13 Februari 2000. Ni vibonzo 17,897, na vyote alivichora kwa mkono wake bila msaidizi. Likizo ya maana aliyochukua ni wiki tano, mwaka 1997, alipotimiza miaka 75. Alifariki usiku wa kuamkia siku ambayo kibonzo hicho cha mwisho kilitoka. Jina la Peanuts hakulichagua yeye na hakulipenda maisha yake yote; alipewa na kampuni iliyokuwa ikimsambazia kazi. Kampuni hiyo hiyo ilikinadi kibonzo chake kwa magazeti kama kitu kisichokula nafasi: visanduku vinne vilivyolingana, vinavyoweza kupangwa kwa mlalo, kwa wima, au viwili juu na viwili chini. Baada ya kufanyiwa upasuaji wa moyo mwaka 1981, mkono wake ulianza kutetemeka, na ukitazama vibonzo vya miaka ya mwisho unaiona mistari ikitikisika kama uzi wa kishada. Aliendelea kuchora.

Lakini kinachokuhusu zaidi wewe ni nibu, ile ncha ya chuma ya kalamu ya wino. Schulz alikuwa na nibu moja anayoipenda, ya kampuni ya Esterbrook. Kampuni hiyo ilipofunga shughuli, alinunua akiba yote ya nibu hizo iliyobaki. Hebu mpe mzee wako droo. Ndani yake kuna kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo kuna nibu zilizofungwa kwa karatasi. Kila Ijumaa anazihesabu, na kwa kuwa anajua nibu moja humpeleka muda gani, anajua pia zitaisha mwaka gani. Anaitaja tarehe hiyo mbele ya kamera kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja siku ya kwenda kuchukua kitambulisho. Kisha kijana wa sauti anamwomba moja akaandikie jina kwenye kaseti, na tunamwona mzee akipigana na ukarimu wake. Sini nzima haina utani hata mmoja.

Bill Watterson, aliyechora Calvin and Hobbes kuanzia 1985 hadi 1995, aligombana na jambo ambalo nalo lingekufaa. Vibonzo vya Jumapili vya Marekani vilikuwa na mstari wa juu wa visanduku ambao gazeti lilikuwa na ruhusa ya kuukata likibanwa na nafasi. Mchoraji analazimika kujaza visanduku hivyo kila wiki kwa kitu kizuri, ila kisiwe na umuhimu wowote, maana wasomaji wengi hawatakiona. Mwaka 1992, baada ya likizo ndefu, Watterson alikubaliwa nusu ukurasa usiokatwa. Wengine waliendelea kupaka rangi visanduku vya kutupwa, na walivipaka vizuri. Mimi jambo hilo hunigusa kila ninapolikumbuka.

Kuna pia Mort Walker, aliyemchora askari mvivu Beetle Bailey tangu mwaka 1950. Yeye alivipa majina vitu ambavyo sote tunavichora bila kuvitaja: matone ya jasho yanayoruka kichwani, kifurushi cha nyota na alama zinazosimama mahali pa tusi, vumbi linalobaki mtu anapotimua mbio. Alianza kwa mchezo, mwaka 1980 akayatolea kitabu, na majina hayo yakaingia kwenye kazi, watu wakayatumia kama istilahi za kweli. Mzee wako naye awe na kamusi yake, ya Kiswahili, aliyoiandika kwenye daftari la kaunta. Vumbi la mkimbiaji analiita "kapotea." Jasho la hofu ni matone matatu, yakiwa manne ni joto. Mpiga picha akisema "hayo matone," mzee anamsahihisha kwa upole na kuendelea. Ikifika dakika ya thelathini, mpiga picha mwenyewe anasikika nyuma ya kamera akisema "kapotea," na hakuna anayeshtuka.

Hapa kwetu kuna somo jingine. Wachora vibonzo wetu hufunikwa na wahusika wao. Chakubanga wa gazeti la Uhuru alijulikana na watu ambao wasingemtambua Christian Gregory kama angekaa nao benchi moja. Huko Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miongo kadhaa ndani ya Taifa Leo, na wako waliokua na Juha Kalulu tangu utotoni bila kujua ni mkono wa nani. Mpeleke mzee wako harusini. Mshereheshaji anamwita jukwaani kwa jina la mhusika wake, ukumbi unashangilia, na yeye anasimama, anafunga kifungo cha koti, anakwenda kutoa zawadi kwa jina hilo. Kamera imbakize kwenye picha akirudi kukaa, akiwa ameshika kadi ambayo jina lake halimo.

Na tafadhali usimchanganye na mchora katuni za siasa. Skripti yako inafanya hivyo kwenye ukurasa wa kumi na mbili, pale watu wa serikali wanapomtafuta. Katuni ya siasa ni kazi nyingine na ina ujasiri wake. Mtazame Gado, Mtanzania aliyejenga jina lake Nairobi, ambaye mwaka 2009 aliwapeleka wanasiasa kwenye televisheni kwa vikaragosi vya The XYZ Show. Mchora katuni za siasa huogopa simu kutoka juu. Mchora kibonzo cha kila siku huogopa siku ambayo hakitatoka na hakuna atakayepiga simu. Hofu hiyo ndiyo filamu yako, na ukiipeleka kwa watu wa serikali utakuwa umemwazima woga wa mtu mwingine.

Nikupe sini moja niliyoishi mwenyewe, uitumie upendavyo. Saa tano usiku msanifu kurasa alinipigia. Lilikuwa limeingia tangazo la tanzia, la kulipiwa, na ukurasa ulikuwa umejaa. Aliuliza kama anaweza kuondoa kisanduku cha nne. Kwenye kibonzo, cha nne ndicho chenye pigo. Vitatu vya mwanzo ni ngazi tu za kukifikia. Lakini utabishana vipi na msiba? Nilimuuliza marehemu ni nani, nikampa pole kana kwamba yeye ndiye mfiwa, nikasema sawa. Sikulala. Asubuhi kibonzo kilitoka kikiwa na visanduku vitatu: mtu anabisha hodi, mtu anasubiri, mtu anabisha tena. Mchana mhariri akanifuata mezani kunipongeza. Alisema wasomaji wamepiga simu, wamesema siku hizi nimekomaa, nawaachia wafikiri wenyewe. Juma zima niliketi mbele ya karatasi nyeupe nikijiuliza kama kisanduku cha nne kimekuwa kikiniharibia kazi miaka yote.

Sini hiyo ina kila unachokitafuta: heshima, fedha ya tangazo, sentimita, na mtu anayeumia kwa sababu amesifiwa. Ukiitumia, pongezi za mhariri zirekodiwe kwa mbali, kupitia mlango ulio wazi nusu, kwa sababu hapo ndipo kamera ingekuwa kweli.

Hilo la kamera lina dosari yake ya peke yake kwenye skripti yako. Sini ya tatu, kamera imo chumbani mwa mzee kabla hajaamka. Nani alifungua mlango? Kwenye tamthilia ya kawaida hakuna anayeuliza, ila hapa mpiga picha naye ni mhusika. Lazima ujue nani amemtuma, amelipwa na nani, na nini hakutarajia kukiona. Pendekezo langu: timu ilikuja kumrekodi mhariri mkuu anayestaafu. Kona ya mzee iko karibu na soketi pekee inayofanya kazi, kwa hiyo kamera huchajiwa hapo. Wanaanza kumpiga picha yeye wakiwa wanasubiri betri. Ukiwa na sababu hiyo moja, utajua mara moja kamera ifike wapi kwa kuchelewa, isogee wapi, ikatazwe kuingia wapi. Kamera inayochelewa kidogo ni rafiki mkubwa wa mwandishi; inamfanya mtazamaji aamini kwamba jambo lilitokea lenyewe.

Mwigizaji wako usimwondoe. Mchekeshaji wa jukwaani anajua kusubiri, na hiyo ni nusu ya kazi. Tatizo ni kwamba amezoea kusubiri kicheko, na hapa hakitakuja mbele yake. Mpe mikono yake kitu cha kufanya. Wiki mbili nzima apige mistari ya visanduku kwa rula na penseli ya bluu hafifu, ile tuliyoipenda zamani kwa sababu kamera ya kiwanda cha uchapaji haikuiona, mchoraji hakuhitaji kufuta. Kisha apitishe wino juu yake. Mtu anayejaribu kupitisha wino kwenye mstari ulionyooka hawezi kujikumbuka kuchekesha. Pumzi yenyewe anaibana. Wakati amebana, muulize maswali ya mahojiano. Spinal Tap kwa sehemu kubwa haikuwa na mazungumzo yaliyoandikwa. Waigizaji walipewa hali wakaiishi. Nawe mpe hali. Mistari ya utani uliyomwandikia, iweke kwenye midomo ya watu wa idara ya matangazo, ambao wanajiona wacheshi kuliko yeye.

Sasa swali lako la mwisho. Michoro lazima ionekane. Ukiificha, mtazamaji atahisi unamlinda mzee au unamdharau, na vyote viwili vitakuharibia. Ila isiwe mibaya. Ukiichora vibaya ili watu wamcheke, umerudi kulekule kwenye kukonyeza. Isiwe ya kutisha kwa uzuri pia, maana utakuwa umeanza hadithi ya kipaji kilichosahauliwa. Iwe kazi ya mtu makini wa kila siku: mingi ya wastani, michache imechoka, na mmoja au miwili ambayo ukiisoma unatabasamu, unaikata na kuibandika kwenye mlango wa friji. Iache kwenye skrini muda wa kutosha kusomwa, na mzee asiisome kwa sauti kamwe. Mtazamaji akicheka kibonzo chenyewe kwa mara ya kwanza dakika ya thelathini na tano, atakuwa amejiunga na wasomaji wa gazeti lile, na kuanzia hapo chochote kitakachompata mzee kitampata na yeye.

Kwa hiyo kabla hujagusa skripti, tafuta mchora vibonzo wa kweli, mlipe, mwambie akuchoree thelathini vya huyo mhusika, kwa mfululizo, kimoja kila siku kwa mwezi mzima, pamoja na siku ambazo hana wazo. Usimpe mada. Vikishatimia, vibandike ukutani mnapofanyia mazoezi na mwambie mwigizaji wako achague kimoja ambacho mzee anakionea fahari, akueleze kwa nini. Washa kamera wakati anaeleza. Sini ya kwanza ianzie hapo.